Kipimo Kilisema Wekundu

Msomaji wa safu hii amekwisha kuiona mara nyingi picha ya kwanza ya rangi iliyoletwa na Viking 1 kutoka uwanda wa Chryse katika Mirihi, nami sina haja ya kumweleza mawe yake wala mchanga wake. Ninalotaka kulisema ni juu ya anga lililo juu ya mawe hayo, ambalo katika toleo la tarehe 21 Julai 1976 lilitoka likiwa na rangi ya samawati, na ambalo siku chache baadaye lilitolewa upya likiwa na wekundu wa vumbi. Kwa takriban nusu karne kisa hiki kimesimuliwa kama ajali ya haraka, kosa dogo la mitambo ya kuchapia, jambo la kusamehewa katika siku ya furaha. Mimi sikubaliani na wanaokisimulia hivyo. Ulikuwa uamuzi uliochukuliwa na watu wenye akili timamu, na ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu waliouchukua walikuwa wamekwisha kulipata jawabu la kweli, wakaliona kwa macho yao, kisha wakaliweka kando.

Ushahidi hautoki kwa mahasimu. Thomas Mutch, aliyeongoza jopo la picha za chombo cha kutua, na ambaye baadaye, mwaka 1980, alipotea katika milima ya Himalaya, aliyaandika mambo yenyewe katika kitabu The Martian Landscape kilichotoka mwaka 1978, tena aliyaandika kwa insafu ambayo wakuu wengi wa majopo hawana. Asemavyo yeye, data za rangi zilipowasili walizipitisha katika njia ile ile ya kusahihisha vipimo waliyokuwa wakiitumia siku zote, na picha iliyotoka ilikuwa na wekundu uliotanda kote, ardhini na angani pamoja. Jambo hilo liliwashitua. Kwa kuwa hawakuwa tayari kujifunga mbele ya umma na picha ya ajabu namna ile, wakavigeuza vigezo vya programu mpaka anga likawa la kijivu kisichoelemea rangi yoyote, na mawe na udongo vikapata sura waliyoiona kuwa ya kuaminika. Na hiyo ndiyo picha iliyotolewa, muda wa saa nane tu baada ya data kupokewa. Katika kuiunda na kuichapa, kile kijivu kikaegea upande wa samawati, na waandishi wa habari wakafurahi mno kuiona Mirihi inayofanana na Dunia.

Hapa sina budi kukaa kitako, maana wanaowatetea hukimbilia moja kwa moja kwenye kuchapa, wakisema kwamba jopo lilitoa kijivu na kwamba samawati ililetwa na karatasi na wino. Na iwe hivyo. Kijivu chenyewe kilitoka wapi? Hakikutoka kwenye kamera, wala hakikutoka kwenye chati ya majaribio ya rangi iliyokuwa juu ya chombo, wala hakikutoka katika hesabu ya mtu yeyote aliyekaa akakadiria namna hewa ya Mirihi inavyotawanya nuru. Kilitoka katika macho ya watu waliochoka, waliokuwa wakitazama kioo na kungoja kitokee kitu ambacho hakitawaaibisha. Mwenye duka ambaye mizani yake imesema ratili moja na robo, naye kwa kuwa alitazamia ratili moja akausogeza mshale wa mizani mpaka ukakaa pale alipopataka, huyo hajapima kitu. Makosa ya uchapaji yangaliweza kusahihishwa kesho yake kwa kurudia karatasi. Lakini vigezo vilivyokwisha kugeuzwa ili kuifuata dhana vilikuwa vimeuondoa msingi ambao juu yake marekebisho yoyote yangalisimama.

Nakubali kwamba walikuwa na sababu ya kutia shaka. Kamera za Viking hazikuwa kamera za kawaida. Kioo kilichokuwa kikiinuka na kuinama kiliisoma mandhari mstari mmoja wa wima baada ya mwingine, na nuru ikaangukia fotodiodi zilizofunikwa vichujio, tatu za samawati, kijani na nyekundu, na tatu nyingine za infraredi. Silikoni huipokea infraredi kwa wepesi, na vichujio vile havikuiziba sawasawa, kiasi kwamba fotodiodi iliyopaswa kuhesabu samawati peke yake ilikuwa ikihesabu pia nuru isiyoonekana kwa macho. Na udongo wa Mirihi, kama ijulikanavyo, hung'aa sana katika infraredi. Ila hiyo ni halisi, na kuisahihisha kulitaka kazi ya subira. Lakini shaka juu ya fotodiodi ya samawati ni hoja ya kuizuia picha ya rangi, au ya kuitoa pamoja na onyo lililo bayana. Haiwezi kuwa hoja ya kuchagua rangi kwa kupenda. Picha za rangi nyeusi na nyeupe zilikuwako, nzuri kupita kiasi, na umma ungaliridhika nazo kwa juma zima.

Tena kuna jambo ambalo wachambuzi wenzangu hulipita bila kuligusa, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kabla ya data ya rangi kuja, panorama ya siku ya kutua, tarehe 20 Julai, ilikuwa imekwisha kuonyesha anga angavu. Hewa ya Mirihi ina kanieneo ya takriban milibari 7, ambayo haifiki hata sehemu moja katika mia ya hewa tunayoivuta sisi, na hewa nyembamba hivyo, ikiachwa peke yake, haiwezi kutawanya nuru ya kutosha kuling'arisha anga. Ingalipasa kutoa anga la giza, lenye samawati nzito iliyo jirani na weusi, na hivyo ndivyo wengi walivyotazamia. Maadam anga lilikuwa linang'aa, pana kitu kingine kilichokuwa kikiitawanya nuru, na kitu hicho hakikuweza kuwa kingine ila vumbi lililoinuliwa kutoka ardhini, na ardhi ile, kila mtu alijua tangu zama za wazee wetu waliokuwa wakiitazama kwa macho matupu, ni nyekundu. Oksidi ya chuma iliyomo katika chembe zile humeza samawati na kuuachia wekundu. Basi wekundu uliotokea katika hesabu ya kwanza haukuwa kioja hata kidogo. Ulikubaliana na panorama ya jana yake, na aliyeziweka picha mbili pamoja angaliuona ukweli huo. Kijivu walichokichagua hakikuwa na nasaba popote: kipimo hakikukisema, na hata ile nadharia ya hewa tupu haikukisema, kwa kuwa hiyo nayo ilitaka giza.

Siku alipoketi James Pollack, mtaalamu wa hewa za sayari, kuwaambia waandishi kwamba anga la Mirihi lina wekundu wa waridi, alizomewa. Kuzomewa huko kulikuwa kwa mzaha, wanasema waliokuwako, na Carl Sagan aliwaambia waandishi kwamba zomeo lile limeonyesha tamaa yetu ya kuiona Mirihi iwe kama Dunia. Alisema kweli, walakini alilielekeza neno lake kwa watu wasiostahili kulibeba peke yao, kwa sababu tamaa hiyo ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake ndani ya chumba cha programu kabla mwandishi hata mmoja hajaiona picha. Magazeti yakaandika kwamba anga limegeuka kutoka samawati kuwa jekundu, wanajopo wakaulizwa kama toleo lijalo litakuwa la kijani, na mpaka hivi leo wako wanaodai kwamba picha ya kwanza ndiyo ya kweli na ya pili ndiyo ya hila. Nimebishana na watu hao zaidi ya mara moja, na kila mara hoja yao ya kwanza ni hiyo hiyo: kwamba wakubwa waliigeuza rangi. Kinachoniuma ni kwamba rangi kweli iligeuzwa, ila iligeuzwa katika picha wanayoipenda wao.

Na watu hawa hawa walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba wanajua kungoja. Viking 1 ilipangiwa kutua tarehe 4 Julai, siku ya miaka 200 ya uhuru wa Marekani, na picha zilizopigwa kutoka juu zilipoonyesha kwamba mahali palipochaguliwa ni pabaya, Jim Martin, meneja wa mradi, aliiacha sikukuu ipite, akatafuta mahali pengine. Ilikuwa kazi ya kiume, na sina la kuongeza.

Nikilinganisha na waliotangulia, moyo wangu huelekea kwa watu wa Mariner 4. Mwezi Julai 1965 chombo kile kilipita karibu na Mirihi na kuleta picha 21 na kipande cha nyingine, kila moja ikiwa na mistari 200 yenye pikseli 200, kwa mwendo wa biti 8 na theluthi kwa sekunde, hata picha moja ikataka zaidi ya saa nane kufika. Wahandisi, akiwamo Richard Grumm, hawakuweza kuwa na subira ya kompyuta. Wakazichapa namba za mwangaza, kuanzia 0 hadi 63, katika vipande virefu vya karatasi, wakavipanga ubaoni kimoja ubavuni mwa kingine, na kila kiwango cha namba wakakipaka chaki ya rangi yake. Picha ile ipo hata sasa, na ukiisogelea utaziona namba chini ya chaki, safu kwa safu, kahawia na manjano yakiwa yamepita juu yake bila kuzifuta. Hakuna aliyedai kwamba hiyo ndiyo rangi ya Mirihi. Mwaka uliofuata Surveyor 1 ikatua mwezini ikiwa na chati ya rangi mbele ya kamera yake, na jopo la Eugene Shoemaker likautoa Mwezi kama chati ilivyowaambia, wa kijivu, ingawa kijivu hakimfurahishi mhariri yeyote.

Wala mtu asidhani kwamba nachukia kuchezewa kwa mwangaza. Machi 1979 Linda Morabito, mhandisi wa uongozaji wa Voyager 1, aliongeza mwangaza wa picha ya Io, mwezi wa Mushtarii, kwa ajili ya kutafuta nyota hafifu ya kupimia njia, akaona wingu kubwa ukingoni mwa mwezi ule. Yeye na wenzake waliziondoa dhana nyingine moja baada ya moja, ila ya kamera, mwezi mwingine uliojificha nyuma, mpaka ikabaki volkano inayotema, ya kwanza kuonekana nje ya Dunia. Waliivuta picha mpaka mwisho wa uwezo wake, lakini waliivuta ili waone kilichomo.

Kwa upande mwingine orodha ya maovu ni ndefu, na wanaonifahamu wanajua kwamba sichoki kuirudia. Mwezi ule ule wa Julai 1976 mradi huo huo ulitoa picha ya kilima cha Cydonia iliyopigwa tarehe 25, na ijapokuwa maelezo yake yalisema kwamba ni vivuli vya jua la chini, uso wa mtu ukatajwa kwa makusudi ili kuwavuta watazamaji, na ilibidi kungoja hadi Aprili 1998, kamera ya Michael Malin ilipopita juu ya kilima kile, ndipo tukaonyeshwa kilima. Rada ya chombo cha Magellan, isiyo na rangi hata chembe, ilivishwa rangi ya machungwa kufuata picha za vyombo vya Venera vilivyotua Zuhura, na milima ya Zuhura ikarefushwa zaidi ya mara 20 katika baadhi ya mandhari. Neptuni ya Voyager 2, iliyokolezwa mwaka 1989 ili mawingu yake yaonekane, iliachwa izunguke vitabuni bila maelezo yake ya awali, hata Patrick Irwin na wenzake wa Oxford wakalazimika kuonyesha mwaka 2024 kwamba sayari ile ni ya samawati iliyopauka, karibu sawa na Uranus. Katika hayo yote, hata hivyo, namba za asili zilikuwa salama na waliozigeuza walijua wanazigeuza kutoka wapi. Lile la Chryse limezidi kwa sababu kipimo chenyewe ndicho kilichogeuzwa.

Waliokuja baadaye walijifunza, na wale wa magari ya Mirihi Spirit na Opportunity mwaka 2004 walichukua chati yenye kijiti cha saa ya jua, ambacho kivuli chake kiliwawezesha kutenga nuru ya jua na nuru inayotoka angani. Ni kazi safi. Kwa ile ya mwaka 1976, njia ilikuwa wazi tangu asubuhi. Zingalitolewa picha mbili za ukubwa mmoja: ile nyekundu kama ilivyotoka katika hesabu, na panorama angavu ya siku iliyotangulia, chini yake ukanda wa chati ya majaribio, na pembeni onyo kwamba fotodiodi ya samawati inavujiwa na infraredi na kwamba usahihishaji unaendelea. Pollack angaliketi mezani siku ile ile, si siku kadhaa baadaye, akaeleza kwa nini hewa ya milibari 7 haiwezi kung'aa hivyo pasipo vumbi, na waandishi wangaliondoka na habari kubwa kuliko anga la samawati.