Pamba Haipakwi Nyeupe

Wachoraji wa Bariadi, tuambiane ukweli: michoro yenu ina mistari safi, rangi ndiyo inaiua. Mnapaka maka peni kama Tingatinga! Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alitumia rangi ya baiskeli. Ile inafunika, unatanguliza rangi ya nyuma, mnyama anakaa juu. Wino wa maka haufuniki, unaonyesha kilicho chini. Ukishapaka udongo wa kahawia, pamba utaitoa wapi? Nyeupe ni karatasi yenyewe, iacheni. Anzeni na rangi hafifu, kivuli baadaye.

Na ngozi zetu, jamani! Kahawia moja toka paji hadi kidole, mtu anakuwa kama mlango uliopigwa vanishi. Jua lote la Simiyu halijagusa hata shavu?