Kitambi cha Mume, Cheti cha Mke

Mwezi wa nne baada ya ndoa yangu, shangazi alikuja kututembelea. Akanitazama usoni, akashuka taratibu mpaka kwenye mkanda, akacheka kwa kuridhika. "Ndoa imekukubali, baba," akasema. Halafu akamgeukia mke wangu, wala si mimi, akamwambia: "Asante, mwanangu."

Nimelifikiria hilo asante kwa miaka sita sasa. Tumbo ni langu. Suruali zilizonibana nilinunua kwa fedha yangu. Lakini sifa zilikwenda jikoni, kana kwamba mimi ni shamba na mwenzangu ndiye mkulima.

Basi nikarudi kwenye Utenzi wa Mwana Kupona. Chuoni tuliusoma kwa ajili ya mtihani, na swali lilikuwa lile lile la kila mwaka: nafasi ya mwanamke. Tulijaza karatasi kuhusu mke na majukumu yake, tukapata alama zetu, tukaondoka. Sikumbuki hata mmoja wetu akimuuliza mwalimu: na huyu mume je, nafasi yake ni ipi humu ndani? Safari hii nimeusoma nikiwa na kitambi, na nimemwona.

Kwa wasioufahamu: Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti mia moja na kidogo. Ni wosia wa mama. Unamfundisha binti kumridhi Mungu, Mtume, wazazi na mume. Na hapo kwa mume ndipo mtunzi anapoingia ndani hasa, hadi chumbani, hadi mwilini.

Hebu mfuatilieni huyo mume. Akilala, asipigiwe kelele. Akiamka, chakula kisichelewe. Akandwe mwili, apepewe, anyolewe, ndevu zitengenezwe, afukizwe udi asubuhi na jioni. Akitoka anaagwa, akirudi anapokewa. Kisha inakuja tashbihi ambayo kwangu ndiyo kitovu cha utenzi wote: binti anaambiwa amtunze mume kama mtoto ambaye bado hajajua kusema.

Neno kitambi halimo, sitaki kumsingizia mtunzi. Lakini msomaji, mtazame huyo bwana alivyo: analala, anaamka, anakula, anakandwa, anapepewa. Ndani ya nyumba hana kitendo anachokifanya mwenyewe kwa mwili wake. Hata wembe haushiki. Kama utenzi ungeendelea miaka kumi mbele, huyo mtu angekuwa na umbo gani?

Watafiti wana jibu, ingawa si la Pate wala la karne ya 19. Mwaka 2017 Joanna Syrda wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alichapisha utafiti uliotumia takwimu za wanandoa zaidi ya 8,000 wa Marekani, za kati ya mwaka 1999 na 2013. Aliona kwamba wanaume walio kwenye ndoa walikuwa wazito kuliko wasio na ndoa kwa kama kilo 1.4. Ujauzito wa mke haukuwaongezea kitu, ila miaka ya mwanzo ya kulea iliwaongezea. Na ndoa ilipokaribia kuvunjika, na hata baada ya talaka, uzito ulipungua. Miaka miwili kabla yake, Craig Garfield na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walionyesha kwamba vijana wa Kimarekani wanaopata mtoto wa kwanza huongezeka uzito, wakati wenzao wasio na watoto walipungua kidogo.

Hilo la watoto halikunishangaza. Kwangu, makombo ya mtoto yana mwenyewe: nusu chapati, uji wa mwisho kikombeni, kipande cha samaki alichokitema. Mama yake anaambiwa apumzike, baba ndiye pipa.

Ila takwimu zinatupa kilo, hazitupi maana. Maana iko kwenye fasihi na kwenye midomo ya mashangazi. Mkumbukeni Kaizari wa Shakespeare, yule ambaye Nyerere alimleta kwenye Kiswahili mwaka 1963. Kaizari anataka azungukwe na watu wanene wanaolala usiku. Kasio anamtia hofu kwa sababu amekonda, anawaza mno na anasoma mno vitabu. (Wasomaji wenzangu, tumesemwa hapo.) Nadhani mama mkwe yeyote angekubaliana na Kaizari. Mume mnene ametulia, hatoroki, hana njama. Mume aliyekonda huulizwa: kuna nini nyumbani?

Ndiyo maana nasema kitambi ni cheti, na cheti hicho hakina jina la mwenye tumbo. Utani huu ungeishia kwenye kicheko kama nisingemjua mtu mmoja aliyeulipia.

Baba yangu alikuwa mtu wa kupakuliwa. Sikuwahi kumwona akishika mwiko. Mama alimpakulia wali wa nazi, akamwongezea kabla hajaomba, na ndugu wa baba walimsifu kwa hilo miaka yote. Baba alipogundulika na kisukari, nilikwenda nao hospitali. Daktari alimgeukia mama: "Mnampa chakula gani?" Mama akaanza kueleza, huku amekunja kona ya khanga mkononi. Baba alikuwa amekaa katikati yetu, mtu mzima aliyesomesha watoto watano, anatazama ukuta. Hakuulizwa, na hakusema.

Mtoto ambaye bado hajajua kusema. Nilipoifikia tena tashbihi ile mwaka huu, nilifunga kitabu.

Alipofariki, ndugu wale wale walianza kunong'ona kwamba mama alimmaliza kwa mapishi. Kwa cheti kile kile walichomsifia, ndicho walichomhukumia.

Je, nimlaumu Mwana Kupona? Hapana. Mama huyu anakufa, anamwachia binti dunia ambayo riziki, heshima na hata, kwa mafundisho ya utenzi wenyewe, njia ya Peponi inapita kwenye radhi ya mume. Anampa silaha alizonazo: chakula, harufu nzuri, ulimi laini. Wapo wanaousoma utenzi kama utiifu mtupu, na wapo wanaoona ujanja umefichwa ndani yake. Mimi naona vyote viwili kwenye tashbihi moja. Anayekulisha kama mtoto amejishusha, ni kweli. Lakini pia amekufanya mtoto, na mtoto haamui mambo ya nyumba.

Kosa ni letu sisi wasomaji. Kwa zaidi ya miaka 160 tumeuchukua kama kanuni ya wake, tukabishana kama unamdhulumu mwanamke au la. Ubishi huo ni halali. Lakini tumesahau kuuliza unamfanya nini mwanamume. Unamnyang'anya mwili wake na kumwita mfalme. Nyosia za namna hii ninazozijua zinamfundisha binti kumtunza mume. Natamani ule ambamo baba, akiwa mgonjwa na akijua muda umekwisha, anamwita mwanawe wa kiume na kumwambia: mwanangu, jipakulie mwenyewe, na ujue kiasi. Baba yangu angeweza kuutunga. Hakuwa na maneno, kwa sababu hakuna aliyewahi kumdai.

Mwaka jana nilianza kutembea kwa miguu kutoka kazini, na sahani yangu napakua mwenyewe. Nimepungua kilo saba. Sikukuu ya Idi shangazi akaja, akanitazama usoni, akashuka mpaka kwenye mkanda. Safari hii hakucheka.

"Kwani mkeo anaumwa?"

Mke wangu akainama. Nikamwambia shangazi kwamba ni mimi, nimeamua mwenyewe, sukari ipo kwenye ukoo na yeye anajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mke wangu, akamshika mkono, akamwambia pole.

Usomeni tena utenzi ule, jamani. Ni mzuri kuliko mtihani ulivyotuambia. Ila safari hii, mke akiwa anahangaika huku na huku, msimwondolee macho yule bwana aliyelala.