Mota ya Betri Moja

Mota ya kutengeneza kwa mkono haidai maabara. Ngara mjini au Biharamulo, vifaa vyake hupatikana dukani na kwa mafundi: betri kubwa ya tochi ya volti 1.5, pini mbili kubwa za kufungia nguo, ukanda wa tyubu ya baiskeli, spika ya redio mbovu, na mabaki ya waya wa shaba wenye vanishi kutoka kwa wasuka mota. Spika hubomolewa, kwa sababu chuma kinachoizunguka sumaku huubana usumaku ndani. Kinachotakiwa ni ile pete nyeusi, na hata kipande chake kilichovunjika kinatosha.

Waya huzungushwa kama mara ishirini kwenye betri ndogo ya rimoti, koili ikachomolewa, ncha zake zikaachwa zitokeze pande mbili katika mstari mmoja. Pini hubanwa kwa mpira kwenye ncha za betri kubwa, matundu yake yakawa beringi. Sumaku hulala juu ya betri, chini ya koili.

Ufundi wenyewe uko kwenye wembe. Ncha moja hukwanguliwa vanishi mzunguko mzima. Nyingine, koili ikiwa imeshikwa wima, hukwanguliwa upande wa juu tu. Anayezikwangua zote mbili kabisa hupata koili inayotikisika na kusimama, kwa kuwa nguvu inayoisukuma mbele nusu mzunguko huirudisha nyuma nusu inayofuata. Vanishi iliyobaki hukata umeme katika nusu hiyo mbaya. Koili hupita kwa mwendo iliokwisha kuupata, shaba ikagusa pini tena, ikasukumwa tena. Unene wa vanishi hauonekani kwa jicho, lakini ndio komyuteta, yaani swichi inayokata na kurudisha umeme kwa wakati wake, na ndio somo zima.

Koili hupigwa kidole kidogo, ikashika kasi. Betri ikigeuzwa, inazunguka kinyume. Sumaku ikipinduliwa pia, inarudi mwendo wa kwanza. Kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming, ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha nne huikariri, hapa huonekana mezani. Mwanafizikia Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuzwa na umeme mwaka 1820. Mwaka uliofuata mwanasayansi Faraday akauzungusha waya kando ya sumaku. Jaribio hili la mota hulipa upesi. Ila betri isiachwe imeunganishwa muda mrefu, maana waya ni mfupi, hupata moto na kuimaliza.

Mwaka 1831 Faraday alionyesha kinyume chake: sumaku ikisogezwa ndani ya koili, koili hutoa umeme. Ngara na Biharamulo, zilizotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, zina mfano mkubwa jirani. Kwenye maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, maji ya mto Kagera huzungusha mashine tatu zenye uwezo wa jumla ya megawati 80, na umeme wake hugawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi.