Lugha ya Swali na Lugha ya Msaada: Uhakiki wa Kazi za Nyumbani za Kiingereza Bugolobi, Kampala

Utangulizi

Mijadala ya sera ya lugha nchini Uganda imejikita zaidi darasani. Makala haya yanahakiki mahali pengine ambapo sera hiyo hujaribiwa kila jioni: nyumbani, mtoto anapoleta swali la ufahamu au insha ya Kiingereza na kuomba msaada. Bugolobi, katika Divisheni ya Nakawa, ni mfano mwafaka. Katika fleti zake na nyumba zilizo karibu na soko, anayesaidia anaweza kuwa mzazi, dada wa kazi au jirani, na lugha anayoimudu vizuri ikawa Luganda, Kinyankole, Kiacholi au Kiswahili.

Waraka Rasmi wa Serikali wa 1992 ulielekeza kwamba shule za vijijini zifundishe kwa lugha za wenyeji kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na shule za mijini zitumie Kiingereza tangu mwanzo. Mtaala wa msingi uliozinduliwa 2007 haukuubadili sana mgawanyo huo. Sera imemchukulia mtoto wa mjini kama mtu asiye na lugha ya nyumbani.

Swali kama matini

Tutunge mfano. Kifungu kinasimulia kwamba Nakato alifika sokoni baada ya mvua, akakuta bidhaa zake zimelowa. Swali linauliza: nani alifika sokoni? Mtoto hutafuta neno linalofanana, hunakili sentensi na kupata alama bila kuelewa lolote. Swali likiwa ni kwa nini Nakato alikopa fedha jioni ile, ilhali kifungu hakikutaja sababu waziwazi, kunakili hakusaidii. Hapo ndipo msaidizi humtajia mtoto jibu, naye huliandika. Daftari hurudi shuleni likiwa safi, na mwalimu hawezi kujua ni nani aliyesoma.

Kasoro haimo katika nia ya msaidizi. Swali limemdai Kiingereza, wakati uwezo wake wa kufasiri kisa cha sokoni, alioupata katika maisha, umo katika lugha nyingine. Angemwambia mtoto asimulie kisa kwa Luganda au Kiswahili, wakajadiliana sababu, kisha mtoto aandike mwenyewe kwa Kiingereza, msaada ungekuwa wa kusoma na si wa kujibu.

Historia ya Kampala inaunga mkono hoja hii. Katika Luganda, kama katika Kiswahili, kitenzi kimoja hubeba maana ya kusoma maandishi na kupata elimu. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa *abasomi*, na baadhi yao walianza kusoma kwa maandiko ya Kiswahili kabla ya machapo ya Luganda kuenea. Usomaji hapa ulianza kwa kuvuka lugha.

Pingamizi na hitimisho

Itapingwa kwamba mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa Kiingereza, na wazazi wana haki ya kuhofia kila dakika inayotumika katika lugha nyingine. Hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, mbinu inayopendekezwa haipunguzi uandishi wa Kiingereza. Inatanguliza uelewa kabla yake.

Jambo hili linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Tangu 2020 ni somo la lazima mwanzoni mwa sekondari, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe cha lazima katika shule za msingi na sekondari. Kikiingia nyumbani kama rundo jingine la maswali ya kunakili, kitarithi udhaifu uleule. Watunga sera waanze na hatua ndogo: kila kazi ya ufahamu iwe na sehemu ya kusimuliwa kwa lugha yoyote ya nyumbani, na walimu wafunzwe kutunga maswali yasiyojibika kwa kunakili. Vinginevyo tutaendelea kusahihisha daftari za wasaidizi tukidhani ni za watoto.