Bandanonsi yetu na ile milio mitatu

Filamu nyingi ninazozisimulia mbele ya watu sijaziona. Nakiri hapa hadharani. Nimeona bandanonsi zake tu (wenzetu wa Dar na Nairobi wanasema trela), zile dakika mbili ambazo mtu anazitupa katika grupu ya WhatsApp usiku, wakati mtandao unapumua kidogo. Huku Kasongo dakika mbili zinakula mega chache, utavumilia. Filamu nzima ni forfe ya juma, na bado itakwama katikati. Filamu yenyewe ikija, itakuja ndani ya kadi ya memori, mfukoni mwa msafiri aliyetoka Kindu, Bukavu ao Kalemie, miezi mingi imepita, na DJ wa Tanzania ameshaongea juu ya maneno ya waigizaji wote. Mara nyingi haiji kabisa.

Juu ya hiyo naona tunakosea tukisema bandanonsi ni tangazo tu. Ni tangazo kwa mtu wa Paris, ambaye nyumba ya sinema iko barabara ya pili. Kwetu sisi njo filamu yenyewe. Kitu ilichoficha hatutakiona kamwe, na kitu ilichotia chumvi kitabaki vichwani mwetu hivyo hivyo. Basi tuihukumu kama kazi iliyokamilika, kamera yake, sauti yake, montaji yake. Leo naanza na ya kwetu wenyewe, maana ilitutia aibu Kabambare.

Lakini kwanza niseme tulikochukua maarifa. Ndugu wengi wanaijua *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya Nabwana Isaac wa Wakaliga, mtaa wa maskini pale Kampala. Januari 2010 aliweka bandanonsi yake kwenye YouTube. Filamu nzima ilitengenezwa kwa pesa zinazotajwa kuwa chini ya dola 200, bunduki za vyuma chakavu, helikopta ya kompyuta inayopasua majengo ya Kampala. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, aliiona bandanonsi hiyo akiwa New York, akapanda ndege kwenda kumtafuta aliyeifanya, na mwishowe akahamia Wakaliga. Na jambo linaloniuma kila nikilikumbuka ni kwamba nakala ya asili ya filamu ilipotea, maana kompyuta haikuwa na nafasi ya kuitunza. Tunachokiona leo kimetoka kwenye DVD.

Ukiitazama bandanonsi ile kwa macho ya mwanafunzi, utaona Nabwana hakudanganya mtu. Moto wa kompyuta unaonekana wazi ni moto wa kompyuta. Risasi zinalia, lakini picha inakuambia wakati uleule kwamba hapa tunacheza. Watu wanakimbia, wanaruka, wanaanguka, na mtazamaji anajua ameingia nyumba gani. Sisi tulimwangalia mara ishirini, halafu tukachukua bunduki na kuacha mchezo.

Filamu yetu ni ya dakika 20, tuliipiga kwa simu mbili. Ni habari ya dada mmoja, amepata lisanse, anarudi kufundisha kwao, na barabara ya Kasongo–Kabambare inamkatalia. Mnaijua ile barabara wakati wa mvua, sina haja ya kuieleza. Hakuna bunduki hata moja ndani ya filamu. Kuna mahali tu ambapo dereva wa pikipiki anaambiwa mbele si salama, anageuza, na dada analala kijiji cha watu asiowajua. Basi.

Ilipofika bandanonsi, tukaona hiyo haitoshi. Mwenzetu anayeshika montaji akasema, "Hii haina nguvu." Tukaingia ndani ya programu ya simu, kule kwenye ghala ya sauti za bure, tukachagua milio mitatu ya risasi. Tukaipanga hivi: uso wa dada, karibu sana; halafu kiwambo cheusi; halafu pa, pa, pa; halafu jina la filamu. Tulichanganya na ile sauti nzito kama baragumu kubwa linalolia chini ya ardhi, ambayo bandanonsi za *Inception* ziliieneza mwaka 2010 na mpaka leo Hollywood haijachoka nayo. Tukaituma katika grupu. Watu wakajibu "kali", "kali sana", "mutatuua". Tulifurahi, nisidanganye.

Likizo ilipofika tukapeleka vyombo Kabambare: projekta ya kuazima, jenereta, shuka jeupe, na spika moja kubwa kama kabati. Salle ilijaa. Wamama walikaa mbele na watoto. Saa moja na nusu ya usiku, giza kamili, tukaanza na bandanonsi ili kuwatia hamu.

Uso wa dada. Kiwambo cheusi. Pa, pa, pa.

Benchi la kwanza lilianguka. Sikuelewa haraka, nilifikiri watoto wanasukumana. Halafu nikaona mama mmoja amembeba mtoto kwapani kama mzigo, yuko tayari mlangoni, na wengine nyuma yake. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo njo lilinitisha zaidi: watu waliojifunza kukimbia bila kelele. Tukazima jenereta. Wengi wa pale wameshakimbia Salamabila, kule kwenye dhahabu, wengine zaidi ya mara moja, miaka ile ya vita vya Mai-Mai. Tulilijua jambo hilo. Tuna memwari za chuo zinazolieleza vizuri na takwimu.

Mzee mmoja wa kike, bibi kabisa, akarudi polepole akasimama mbele yetu. "Wanangu, masasi tumesikia ya kweli. Mulikosa sauti ingine?"

Tukasema, "Mutusamehe, mama." Hatukuwa na neno lingine.

Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu, na naona lilikuwa la ufundi kabisa. Tuanze na kile kiwambo cheusi. Picha ina pembe nne. Kitu kikitokea ndani ya pembe hizo, jicho linajua ni picha. Sauti haina pembe. Ukiondoa picha ukabakiza mlio peke yake, umeuvua ile nguo iliyosema "mimi ni filamu". Mlio unatoka kwenye shuka, unaingia salle, na msikilizaji anauweka pale anapoujua: nyuma ya nyumba, upande wa mto. Ndiyo maana watengenezaji wa bandanonsi wanapenda sana giza na sauti. Inafanya kazi. Kwa mtu wa Paris mwili unashtuka, halafu anacheka na kushika popcorn yake. Mbinu ni ileile, lakini imetengenezwa kwa masikio ambayo mlio huo kwao ni habari ya mbali.

Halafu simu. Tuliijaribu kwenye simu, sauti ndogo, mchana, kati ya vijana. Kosa la kitoto! Spika kubwa usiku ni kazi nyingine.

Na montaji nayo ilidanganya. Mrusi Kuleshov, karibu miaka 100 iliyopita, alionyesha kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukiuweka karibu na sahani ya supu, watu wanasoma njaa. Ukiuweka karibu na jeneza la mtoto, wanasoma huzuni. Uso wa dada yetu katika picha ile ulikuwa wa mtu aliyechoka na matope, anahesabu pesa za pikipiki. Tulipoubandika karibu na risasi ukawa uso wa mtu anayesubiri kuuawa. Hakuigiza hivyo. Aliniambia baadaye, na alikuwa na haki ya kukasirika, "Mulinipa filamu nyingine bila kuniuliza."

Hapa siwezi kuacha kugusa bandanonsi za wengine, zile za filamu juu ya mashariki ya Kongo yetu. Nyingi nimeziona na zina mpangilio mmoja: msitu kutoka juu, ukungu, kwaya, bunduki begani, mwanamke analia, halafu sauti ya Kifaransa ao Kiingereza inatufafanulia. Mwanamke anasema kitu kwa Kiswahili na muziki unapanda juu yake kabla hajamaliza sentensi. Mimi ninayemwelewa njo ninayenyimwa maneno yake. Maneno ni jambo zito: Septemba 2015 serikali ilipopiga marufuku *L'Homme qui répare les femmes*, filamu juu ya Daktari Mukwege, sababu moja iliyotolewa ilikuwa tafsiri ya maneno ya wanawake, kwamba maandishi ya Kifaransa yamegeuza waliyoyasema kwa lugha zao. Marufuku iliondolewa mwezi uliofuata, na mimi sidhani ilikuwa halali. Lakini ona vita ilipopiganiwa: kwenye sentensi za wamama wa Kivu. (Siku mtu atafanya filamu ya Tippu Tip na kuanguka kwa Kasongo mwaka 1893, bandanonsi nimeshaijua: ngoma, minyororo, moto, na Mwingereza anasimulia.)

Na bado kuna njia nyingine, tena ya jirani. Dieudo Hamadi ni mtoto wa Kisangani. Katika *Examen d'État*, ya 2014, alifuata wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani wa serikali. Kila mmoja wetu aliyelala kwenye maki ya finaliste anaujua usingizi ule. Katika *En route vers le milliard*, iliyochaguliwa na Cannes mwaka 2020, aliwafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani, ile ya Juni 2000, wanaposhuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Vita iko ndani ya kila picha, imebebwa na magongo na miguu ya bandia, na mvua inayopiga turubai la boti. Hahitaji ghala ya sauti za bure.

Wakubwa wa zamani pia walijua kunyima. Bandanonsi ya *Citizen Kane* ina sauti ya Orson Welles, lakini uso wake hauoni. Hitchcock, kwa *Psycho* ya 1960, alitembea ndani ya ile nyumba yake ya filamu zaidi ya dakika sita, anaonyesha mlango, ngazi, bafu, kama dalali wa nyumba, na hakuonyesha mauaji hata moja. Watu walikwenda kulipa tiketi kwa sababu ya bafu tupu.

Basi tukarudi Kasongo tukakata upya. Tulitafuta ndani ya picha zetu wenyewe sauti tulizokuwa tumezipuuza. Kulikuwa na pumzi za vijana wanaosukuma pikipiki kwenye matope, "moja, mbili, ee!" Kulikuwa na chaki ubaoni. Na kulikuwa na injini inayokohoa, inapanda, inakohoa tena, halafu inazimika. Tukaacha sekunde sita za kimya baada ya hapo, kamera haijasogea, dada amekaa nyuma ya dereva, anatazama mbele. Mwenzetu wa montaji alitaka kuzipunguza ziwe mbili. Tuligombana usiku mzima. Zikabaki sita.

Tulirudisha Kabambare, salle ileile. Safari hii tulitangaza kwanza kwamba hakuna mlio wa bunduki. Bibi yule alikuja, akakaa karibu na mlango. Taa zikazimwa. Pumzi, chaki, injini ikakohoa, ikazimika. Kimya. Nilikuwa nahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne.

Kwenye ya tano, sauti ya mwanaume nyuma kabisa ikasema, "Hiyo ni buji."

"Buji wapi, ni kabureta!" mwingine akajibu.

Ilituchukua dakika nyingi kuwanyamazisha ili filamu ianze.