Heko kwa wapangaji wa Kamina

Watu wa mipango ya afya hawapigiwi makofi, na mimi naona wanastahili. Polio ya virusi vitokanavyo na chanjo, aina ya 2, ilipozuka mwaka 2017 katika jimbo la Haut-Lomami, Kongo (DRC), mtu huko Kamina, mji mkuu wa jimbo, alilazimika kukaa na orodha ya vijiji: watoto wangapi, dozi ngapi, barafu itadumu saa ngapi, mtumbwi wa kufika kambi za wavuvi kwenye maziwa ya Upemba utalipwa na nani. Mwaka 2018 jimbo likaingia katika Mpango wa Mashako wa kufufua chanjo za kawaida. WHO na UNICEF huleta wataalamu na fedha, sawa. Lakini kambi isiyoandikwa kwenye orodha haifikiwi, na wavuvi huhama. Kwa hiyo mpangaji hodari humpigia simu muuguzi wa kituo cha afya kwanza, amuulize kambi ziko wapi sasa, ndipo aagize dozi.