Kicheko Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Filamu ya vichekesho *Malooned!* (2007) ya Mkenya Bob Nyanja ilitengenezwa kwa fedha chache. Mwanamume na mwanamke wa makabila tofauti wanakwama msalani katika jengo refu la Nairobi, na sehemu kubwa ya hadithi haitoki humo. Ufukara huo wa mandhari ndio uliokuwa neema yake. Kwa kuwa hapana pa kukimbilia, kila kebehi ya kabila hulazimika kungoja jibu, na mtazamaji hufungiwa pamoja na wahusika.

Mtu wa Myamba, milimani Upare, aliyezoea kutaniwa kwa ubahili na kupenda kesi, ataielewa filamu hii upesi. Utani una zamu: anayetaniwa naye hutania. Chuki haimpi mwenzake zamu. Wawili hawa wanaanza kwa chuki, na taratibu wanajifunza kupokezana.

Mwishoni mwa mwaka ule ule machafuko ya uchaguzi yaliikumba Kenya; Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Filamu haikuwa na uwezo wa kuyazuia. Hata hivyo, inastahili kutazamwa, kwani kwa gharama ya chumba kimoja inaonyesha jinsi chuki inavyoweza kurejeshwa kuwa utani.